Vifungo Vitano

Julai, Uyole. Baridi inalala nasi chumba kimoja,
hailipi kodi, wala haina mpango wa kuhama.
Saa kumi na moja moyo wangu huamka kabla yangu,
huvaa viatu, hukimbia hadi kibandani,
hulitikisa kufuli, hurudi, hunisimamia kitandani:
Una hakika ulifunga?

Nina hakika. Nilifunga, nikalivuta mara tatu,
nikafika kwenye mashine ya kusaga, nikarudi,
nikalivuta ya nne.

Ndivyo nilivyo tangu ile Ijumaa ya foleni
nilipokosea tarakimu moja, tisa badala ya sita,
na elfu themanini za mama mmoja wa Igawilo
zikaenda kwa mtu ambaye hadi leo hapatikani.
Nililipa. Miezi miwili ya dagaa, nikalipa.
Lakini ile tisa haikudai ikaondoka.
Naiona kwenye namba za bajaji,
kwenye debe la viazi,
hata kwenye umri wa mwanangu:
ana sita, nasema, sita,
kama kwamba kuna aliyebisha.

Subilaga wa mitumba, kibanda cha pili,
akaniambia, kapime presha. Nikapima.
Presha iko sawa, akasema nesi, ila punguza mawazo.
Kana kwamba mawazo ni chumvi.

Sikupunguza. Nilianza tu kuchelewa,
kidogo, kwa makusudi.

Simu hulala kikapuni, kwenye vitunguu, kifudifudi.
Nachukua ungo na maharage ya njano,
nakaa mlangoni penye mwanga wa taa ya jirani.
Punje, punje, kijiwe.
Punje, punje, punje, ganda.
Hapa kosa halipigiwi simu. Kijiwe kikinipita
atakayekigundua ni jino langu mwenyewe, mchana,
na tutayamaliza wawili.

Kisha jiko. Mkaa haupokei amri.
Unapepea, unangoja, unapepea.
Zamani nilikuwa naufokea.
Siku hizi naponda tangawizi kwa kitako cha kikombe
na harufu inapanda yenyewe, bila kusukumwa,
mpaka madirisha yanatoka jasho.

Halafu Tumpe na sweta lake la shule.
Vifungo vitano: vinne vya buluu, kimoja cha kahawia
kilichotoka kwenye koti la bibi yake.
Nilikuwa namfungia mimi, chapuchapu,
kama mtu anayeshona mdomo wa gunia.
Sasa napiga magoti, mikono nyuma.
Cha kwanza kinagoma. Anatoa ulimi, anakibembeleza.
Cha pili kinaingia tundu la tatu,
na sweta linapinda kama barabara ya kwenda Chunya.
Vidole vyangu vinawasha.
"Baba," anasema, "usinisaidie kwa macho."

Nayapeleka macho mlimani.
Ukungu umekaa pale juu kama mgeni asiyetaka chai.
Barabarani lori linashuka gia, la kwenda Tunduma,
hata lenyewe halina namna, mteremko ni mteremko.
Nageuka. Amefungua vyote.
Anaanza upya, kutoka chini.

Tunachelewa. Mwalimu Anyisile ameshaandika.
Wateja wawili wamenisubiri kibandani, mmoja ameondoka.
Mchana nikamsomea mtu namba yake kwa sauti,
tarakimu moja moja,
akacheka: "Wewe, unanifundisha kusoma?"
Nikamwambia hapana, najifundisha mimi.

Sijapona. Nisidanganye.
Jana jioni nililivuta kufuli mara mbili.
Penye mashine ya kusaga miguu ikaanza kugeuka.
Nikasimama. Koti lilikuwa wazi, upepo unaingia.
Moyo ukaniacha pale, ukarudi mbio kuhakikisha.
Sikuufuata.
Nikafunga vifungo, kutoka chini, kama afungavyo yeye,
kimoja,
kingine,
na nilipofika cha shingoni nikausikia unakuja,
unahema,
hauna habari mpya.